Jinsi ya kuhakiki umri wa Jeanne Calment, mwanamke aliyeishi miaka 122

Kila ninapomtaja Jeanne Calment, swali la kwanza huwa lile lile: alikuwa anakula nini? Ni swali la haki, ila mimi hulirudisha nyuma kwenye foleni. Nimekuwa karani wa masjala tangu ujana. Kazi yangu ni majalada, madaftari ya vizazi na vifo, na watu wanaofika dirishani na cheti kinachosema hivi huku mama aliyewasindikiza akisema vile. Kwa mtu wa kazi hii kuna swali linalotangulia: tunajuaje? Mtu akidaiwa kuishi miaka 122, karatasi zije kwanza. Chakula kitafuata, kama dai litasimama.

Nimemfuatilia bibi huyu wa Arles kwa muda mrefu, na njia ninayoieleza hapa ndiyo ninayoitumia kulipima dai lake. Huhitaji kuwa mtaalamu. Unahitaji subira, intaneti, penseli na kalamu ya wino.

Chora jedwali kabla ya kusoma simulizi

Chukua karatasi kubwa uigawe safu nne: mwaka, waraka, aliyetoa taarifa, na umri unaosomeka humo. Kilichoandikwa wakati jambo linatokea kiandike kwa wino. Kilichosimuliwa miaka mingi baadaye kiandike kwa penseli, hata kama msimulizi ni Jeanne mwenyewe. Safu ya tatu ndiyo wengi huiruka, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Karani wa sensa aliyebisha hodi mwaka 1881 hakuwa na sababu yoyote ya kumwongezea umri mtoto wa miaka 6. Mwandishi wa habari anayemhoji bibi wa miaka 113 anayo.

Mistari ya mwanzo ni hii. Jeanne Louise Calment alizaliwa Arles, kusini mwa Ufaransa, tarehe 21 Februari 1875. Baba yake Nicolas alikuwa mjenzi wa meli, mama yake Marguerite Gilles alitoka katika ukoo wa wachinjaji. Siku mbili baadaye alibatizwa, kwa hiyo tayari una mikono miwili tofauti iliyoandika juu ya mtoto huyo huyo: ya serikali na ya kanisa. Tarehe 8 Aprili 1896 aliolewa na Fernand Calment, mwenye duka la vitambaa. Tarehe 19 Januari 1898 alimzaa Yvonne, mtoto wake wa pekee.

Tazama jina la mume. Fernand na Jeanne walikuwa ndugu: babu zao wa upande wa baba walikuwa kaka, na bibi zao wa upande huo huo walikuwa dada. Kwa kawaida uzi wa mwanamke hukatika kwenye nyaraka pale anapoolewa na kubadili jina la ukoo. Huyu alizaliwa Calment, akaolewa Calment, akazikwa Calment. Hilo linakurahisishia utafutaji, lakini linakudai uangalifu pia, maana mji ule ulikuwa na akina Calment wengine, na jina peke yake halitoshi kumtambulisha mtu. Kila unapompata, hakikisha yuko na wazazi wake, mume wake au nyumba yake.

Ujue madaftari ya Ufaransa yanavyofanya kazi

Tuna bahati kwamba dai hili linatoka Ufaransa. Tangu 1792 vizazi, ndoa na vifo vya nchi ile vinaandikwa na ofisi ya meya, si na kanisa peke yake, na daftari liliandikwa nakala mbili, moja ikibaki mjini na nyingine ikipelekwa mahakamani. Moto au panya wakila nakala moja, ya pili ipo. Kwa kila miaka kumi kuna faharasa ya majina, kwa hiyo hupekui ukurasa kwa ukurasa. Madaftari ya zamani ya Arles yako katika hifadhi za nyaraka za mji na za mkoa wa Bouches-du-Rhône, na sehemu kubwa ya nyaraka za aina hiyo leo husomwa kwenye kompyuta bila malipo.

Anza na daftari la vizazi la 1875, kisha fanya jambo ambalo wavivu hawalifanyi: pitia faharasa ya miaka iliyotangulia na iliyofuata, ukitafuta mtoto mwingine wa wazazi wale wale mwenye jina lile lile. Zamani mtoto akifa, jina lake aliweza kupewa mdogo wake, na karatasi ya marehemu ikaja kumzeesha aliye hai. Shigechiyo Izumi wa kisiwa cha Tokunoshima, Japani, aliyefariki mwaka 1986, aliwahi kutambuliwa na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kuwa alifikisha miaka 120. Baadaye utambuzi huo uliondolewa, na mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni kwamba cheti kilichotumika kilikuwa cha kaka yake aliyekufa mdogo. Nikiwa masjala nimeshika vyeti vya namna hiyo kwa mikono yangu. Hakuna aliyedanganya, ila jina limepita kwa watu wawili.

Baada ya kizazi, fungua daftari la ndoa la 1896 lenyewe. Sheria ya Ufaransa ya 1897 ndiyo iliyoagiza ndoa iandikwe pembeni mwa rekodi ya kuzaliwa, na Jeanne aliolewa mwaka mmoja kabla, kwa hiyo usitegemee pembeni.

Sensa: soma kaya nzima

Ufaransa ilihesabu watu karibu kila miaka mitano, kwenye miaka inayoishia na 1 na 6, pakiwa na mapengo ya vita. Orodha za Arles zinataja kaya moja moja: nani mkuu wa nyumba, nani mke, nani mtoto, nani mtumishi. Wachunguzi waliomhakiki Jeanne, Jean-Marie Robine na daktari Michel Allard, walimpata katika orodha zaidi ya kumi, ya kwanza ikiwa ya 1876 alipokuwa mtoto wa mwaka mmoja.

Ukizisoma, usiangalie umri wake tu. Angalia kama umri wa kila mtu nyumbani unapanda kwa mwendo wa kalenda. Madai ya uongo yana alama yake: mtu huenda vizuri hadi miaka 60 au 70, halafu ghafla kati ya sensa mbili anazeeka miaka kumi na tano. Jiulize pia dai lilianza lini. Wengi wanaodaiwa kuwa na miaka 120 hawana karatasi hata moja iliyoandikwa kabla ya uzee wao. Jeanne anazo tangu akiwa kwenye matiti ya mama. Ndiyo maana namwona kuwa mfano bora wa kujifunzia, hata kuliko wazee wengine ninaowaamini.

Swali la Yvonne

Hapa kaa muda mrefu. Ndipo penye mjadala wote.

Yvonne alifariki tarehe 19 Januari 1934, siku aliyotimiza miaka 36, kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 2018 mwanahisabati wa Urusi, Nikolay Zak, akiungwa mkono na Valery Novoselov, alidai kwamba aliyekufa siku ile alikuwa Jeanne mwenyewe, na kwamba Yvonne alichukua jina la mama yake ili familia ikwepe kodi ya mirathi. Kama ni kweli, mwanamke aliyezikwa 1997 alikuwa na miaka 99 tu.

Nalichukulia dai hili kwa uzito, kwa sababu uhakiki wa kweli haukasirikii maswali. Lakini najua pia linamsema nani: mama aliyempoteza mtoto wake wa pekee, na binti anayenyang'anywa hata kifo chake. Kwa hiyo lipime kama unavyolipima jalada lolote, uovu ukidaiwa udai ushahidi wake.

Kwanza, orodhesha watu ambao wangelazimika kudanganya au kudanganywa. Fernand aliishi hadi 1942, na kwa miaka minane angekuwa anamwita binti yake mke wake mbele ya mji mzima. Joseph Billot, mume wa Yvonne, angekuwa anamwita mke wake mama mkwe. Frédéric, mtoto wao, alikuwa na miaka 7. Angelazimika kufundishwa kumwita mama yake bibi, na asikosee hata mara moja shuleni. Kaka yake Jeanne, François, aliishi hadi 1962. Ongeza wateja wa dukani, watumishi, kasisi na majirani. Familia hii haikuwa imejificha shambani. Ilikuwa familia ya wafanyabiashara wenye duka katikati ya mji.

Pili, pima miaka. Mama na binti walipishana karibu miaka 23. Mwanamke wa miaka 36 atembee mjini kwao akijiita wa karibu miaka 59, mbele ya waliosoma naye darasa moja? Mimi siwezi kulipitisha hilo bila waraka, na waraka wa namna hiyo haujaletwa.

Tatu, tafuta habari za ugonjwa. Yvonne hakufa ghafla. Aliumwa kwa miaka, na karatasi zinamwonyesha Leysin, Uswisi, mji uliojulikana kwa hospitali za kifua kikuu. Mgonjwa mwenye historia kama hiyo akifa akiwa na miaka 36 katika zama zile, hakuna kinachohitaji kuelezwa kwa njama.

Nne, yasome mahojiano. Allard na daktari wa bibi huyo, Victor Lèbre, walimuuliza mambo ambayo Yvonne asingekuwa na sababu ya kuyajua: walimu waliomfundisha Jeanne utotoni, watumishi wa nyumba kabla Yvonne hajazaliwa. Majina aliyoyataja yakatafutwa kwenye nyaraka, na mengine yakapatikana. Hii ni penseli iliyogeuka wino, na ni aina ya ushahidi ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu huwezi kuuandaa mapema kama hujui utaulizwa nini.

Tano, tafuta mtu ambaye angeumia kama umri ni wa uongo. Yupo. Mwaka 1965 Jeanne, akiwa na miaka 90 na bila mrithi, aliuza nyumba yake kwa mwanasheria wa hati, André-François Raffray, kwa mkataba ambao Wafaransa huuita viager: mnunuzi hulipa kiasi kila mwezi hadi mwenye nyumba afariki, ndipo nyumba iwe yake. Raffray alilipa faranga 2,500 kwa mwezi. Kama bibi yule angekuwa Yvonne wa miaka 67, mkataba ungekuwa hasara tupu, na mtu wa kuligundua hilo alikuwa Raffray, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma hati za watu wa mji ule ule. Alilipa hadi alipofariki Desemba 1995, akiwa na miaka 77. Mjane wake akaendelea kulipa, na jumla ikapita mara mbili thamani ya nyumba.

Wanaopinga wana hoja za upande wao: picha za sura, rangi ya macho kwenye kitambulisho cha zamani, na karatasi za familia zilizochomwa kwa amri ya Jeanne. Ziandike, usizifiche. Ila picha za zamani zina kivuli na umri wa aina yake, na bibi kuchoma barua zake hajavunja sheria ya mtu. Mwaka 2019 Robine na Allard, pamoja na François Herrmann na Bernard Jeune, walijibu hoja hizo kwa nyaraka zaidi katika jarida la kisayansi la elimu ya uzee.

Kuna kipimo kimoja ambacho kingemaliza ubishi: DNA. Kwa kuwa Jeanne na Fernand walikuwa ndugu kwa pande mbili, Yvonne alikuwa na wazee 12 tu katika kizazi cha nne juu yake badala ya 16. Undugu huo ungeonekana kwenye damu ya Yvonne kwa namna ambayo usingeonekana kwenye damu ya mama yake. Chora ukoo huo mwenyewe kwenye karatasi, utaona jinsi matawi yanavyokutana.

Kumbukumbu ziwekwe kwa penseli, zisitupwe

Mwaka 1988 Arles iliadhimisha miaka mia tangu Vincent van Gogh afike mjini, waandishi wa habari wakamkuta Jeanne akisema aliwahi kumwona mchoraji huyo dukani, mchafu na asiyependeza. Van Gogh alikaa Arles kuanzia Februari 1888 hadi Mei 1889, Jeanne akiwa na miaka 13 hivi. Wengine wamelishikilia hili: kuna masimulizi ambamo anasema mume wake ndiye aliyemtambulisha, ilhali ndoa ilikuwa ya 1896. Mimi silioni kuwa tatizo kubwa. Mwanamke anayesimulia akiwa na miaka 113 humwita kijana wa ukoo wao, ambaye baadaye alimuoa, mume wangu. Hata hivyo liache kwa penseli. Umri wake hautegemei Van Gogh, na kumbukumbu hiyo ikianguka kesho, daftari la 1875 liko pale pale.

Hesabu siku

Jeanne alifariki Arles tarehe 4 Agosti 1997. Toka 21 Februari 1875 hadi 21 Februari 1997 ni miaka 122. Ongeza siku 164 kufikia tarehe 4 Agosti. Ukitaka siku zote, zidisha 122 kwa 365 upate 44,530, ongeza siku 30 za miaka mirefu (mwaka 1900 haukuwa mrefu, na hapo ndipo wengi hukosea), kisha siku 164. Jumla 44,724.

Linganisha na wanaomfuata. Kane Tanaka wa Japani aliishi miaka 119 na siku 107, akafariki 2022. Sarah Knauss wa Marekani, miaka 119 na siku 97, akafariki 1999. Pengo la zaidi ya miaka mitatu kati ya wa kwanza na wa pili ni kubwa mno kwenye umri huu, na ni sababu halali ya kukagua mara mbili. Si sababu ya kukataa. Baada ya miaka 110 uwezekano wa kufa ndani ya mwaka mmoja ni karibu nusu, kama kurusha sarafu kila siku ya kuzaliwa. Kutoka 110 hadi 122 ni kurusha mara kumi na mbili na kushinda zote: mmoja kati ya watu 4,096 waliofika 110. Ni nadra sana, lakini inawezekana.

Sasa uliza aliishije

Hapa tena gawa wino na penseli. Chokoleti karibu kilo moja kwa wiki, mvinyo wa port, mafuta ya zeituni kwenye chakula na kwenye ngozi, sigara hadi alipokuwa na miaka 117 hivi: haya yametoka mdomoni mwake na kwa waliomtunza. Yaandike, lakini usiyageuze dawa. Wavutaji waliokufa na miaka 60 hawakuulizwa siri yao na mwandishi yeyote.

Yenye uzito zaidi ni yale yaliyo kwenye madaftari. Baba yake aliishi miaka 93, mama 86, kaka 97. Hakuwahi kulazimika kufanya kazi ili ale. Alikuwa na watumishi, na nafasi ya kucheza tenisi, kuogelea, kuendesha baiskeli na kupiga piano. Alianza kujifunza kupigana kwa upanga wa michezo akiwa na miaka 85, na bado alipanda baiskeli akiwa na miaka 100. Aliishi peke yake hadi alipokaribia miaka 110, ndipo mwaka 1985 akahamia nyumba ya wazee ya Maison du Lac. Januari 1990 alianguka akavunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji akiwa na miaka 114, na baada ya hapo alitumia kiti cha magurudumu. Mwishoni hakuona wala kusikia vizuri.

Andika pia waliomtangulia, maana orodha za siri za maisha marefu huwaacha nje: Yvonne 1934, Fernand 1942, François 1962, kisha Joseph Billot na Frédéric, mkwe na mjukuu, wote wawili mwaka 1963. Frédéric alikuwa daktari, na alikufa kwa ajali ya barabarani. Jeanne aliishi miaka 34 zaidi baada ya mjukuu wake wa pekee kuzikwa. Ukisimulia habari za bibi huyu kwa mtu mwingine, toa tarehe zake mbili, taja daftari la Arles, na mtaje Yvonne kwa jina lake na tarehe yake ya kifo, 19 Januari 1934.